Huu mti wa kando ya mto Murray ni mkaratusi kweli? Umetuangushia tawi bichi bila upepo

MvuviMgeni aliandika:

Wakuu, habari zenu. Nina miezi minane tu hapa Mildura, Australia. Nafanya kazi kwenye mashamba ya zabibu na Jumapili tunaendaga mtoni kuvua. Jumapili iliyopita joto lilifika digrii 41, upepo hakuna, hata jani halitikisiki. Tukatandika mkeka chini ya mti mmoja mkubwa, tukaweka boksi la barafu na sufuria ya wali tuliopika nyumbani. Mimi na shemeji tukashuka hatua kama kumi kuangalia ndoano. Ghafla mlio kama wa bunduki. Kugeuka, tawi nene kuliko mimi limelala juu ya mkeka. Sufuria imekuwa sahani. Na tawi lenyewe bichi, majani mabichi kabisa.

Mzungu mmoja mzee mwenye boti akaja kutuuliza kama tuko wazima, halafu akasema ule ni mkaratusi. Nikabisha moyoni. Mimi nimekulia Kasulu, mkaratusi naujua. Mnyoofu kama nguzo ya umeme, ukikaa miaka michache unakata unajengea. Huu una tumbo kama mbuyu, umepinda, una mashimo wanamoingia kasuku, gome lina madoadoa ya kijivu, nyeupe na rangi ya maziwa ya chai utafikiri sare ya jeshi. Mingine imesimama ndani ya maji kabisa.

Sasa nauliza: ni mkaratusi kweli au mzee alinitania? Kwa nini uangushe tawi bichi wakati hakuna upepo? Unasimamaje majini bila kuoza, na kwetu tunaambiwa mkaratusi unakausha maji? Na lile tawi naruhusiwa kulikatakata nikalete nyumbani kwa kuni? Shemeji naye anataka majani ya nyungu, mafua yamemkaba.

FundiBomba_Adelaide aliandika:

Poleni sana. Ila "sufuria imekuwa sahani" nimecheka peke yangu kwenye treni.

Huku Adelaide miti hiyo iko mpaka kwenye bustani za mjini. Wenyeji wana jina la utani wanaloupa, ukilitafsiri ni "mfanya wajane". Hilo peke yake linakutosha kwa swali la pili. Mengine msubiri MamaKitalu, kama hayuko juu ya ngazi.

MamaKitalu aliandika:

Nilikuwa juu ya ngazi kweli. Poleni wanangu, sufuria inanunuliwa.

Mzee hakukutania. Ni mkaratusi, tena ni uleule uliokua nao. Jina lake la kitaalamu ni *Eucalyptus camaldulensis*, na jina la wenyeji wanaozungumza Kiingereza maana yake ni kama "utomvu mwekundu wa mtoni". Rudi ukaangalie pale tawi lilipong'oka: mbao ya ndani ni nyekundu kama ini, na machozi mekundu yanatoka yakiganda. Mimi nina miaka kumi na moja kwenye kitalu cha miche ya asili hapa jirani, kazi yangu kubwa ni kukusanya mbegu. Mti huu nimeupanda na kushuka kuliko ngazi za kanisani.

Nilipofika nilibisha kama wewe. Nimekulia kambini, mkoa huohuo wa Kigoma, na nilichokiona hapa sikukitambua. Tofauti ni umri, mwanangu. Kwetu mkaratusi haumalizi darasa la saba. Miaka sita, minane, panga. Unachipua kwenye kisiki, panga tena. Sisi tunaufahamu mti huu ukiwa mtoto tu, halafu tunazungumza kana kwamba tunamjua mtu mzima. Hapa umemkuta babu yake, mwenye mamia ya miaka, na babu ana tumbo, ana makovu, ameinama, meno hana.

Hayo mashimo ndiyo meno yaliyong'oka. Tawi likidondoka linaacha kidonda, kuvu na mchwa wanaingia, wanakula mbao ya katikati taratibu. Mti haufi kwa hilo kwa sababu uhai wake uko kwenye tabaka la nje, chini ya gome. Shimo la kumfaa ndege mkubwa huchukua zaidi ya miaka 100 kupatikana. Ukienda Hattah, kusini ya hapa, usifike umechelewa: alfajiri utaona kasuku wa njano wakitoka kwenye mashimo ya miti ya mtoni wakienda kula kwenye vichaka vya nchi kavu. Kasuku hao wamebaki wachache na wanataka vyote viwili, mti mzee kando ya maji na kichaka cha kulia. Ukikata mti mmoja wa namna hiyo ukapanda miche mia, kasuku wa leo hakuna alichopata. Bosi wangu mmoja wa zamani hakutaka kulielewa hilo. Kwake mti ulikuwa ni idadi. Tuliachana vibaya, lakini hayo ni yangu.

Umbo lile la kupinda usilione kuwa ni ugonjwa. Mti ukiwa peke yake ukingoni una nafasi, unatanua mikono. Ukiwa umesongamana na wenzake unanyooka. Nenda msitu wa Barmah, upande wa juu wa mto huu: ndiko kwenye msitu mkubwa kuliko yote wa mti huu duniani, na utaiona iliyonyooka mingi tu. Ndiyo maana walivuna humo nguzo na mataruma ya reli kwa miaka mingi. Gati la Echuca la mwaka 1865, lile refu la ghorofa, limejengwa kwa mbao hiyohiyo. Na meli za mvuke zilizopita hapa mbele ya nyumba zetu zilichoma kuni zake.

Tawi sasa. Kiangazi changu cha kwanza niliegesha gari chini ya mti huu, nikajisifu kimoyomoyo kwa kupata kivuli. Wenzangu wote waliacha magari juani, nikadhani hawana akili. Saa nane mchana, kimya, mara kishindo. Kioo cha mbele na boneti vikaenda. Nililinunua mkononi kwa mtu wiki tatu kabla, na bima yangu ilikuwa ile ya kumlipa mwingine tu. Nikatembea kwa miguu kwenda kazini mpaka Pasaka. Tangu siku hiyo nikaanza kutazama juu. Matawi ya mti huu ni marefu, yanalala kwa mlazo, na mbao yake ni nzito: ikikauka, mita moja ya ujazo ina kama kilo 900, sasa fikiria ikiwa bado na maji. Mara nyingi ndani kumeshaliwa huku nje majani yanang'aa. Siku za joto kali zilizotulia ndizo za kuogopa, usingoje dhoruba. Wakati wa ukame nao unapunguza mzigo, unaacha majani, hata matawi mazima, ili kilichobaki kinyweshwe. Kwa hiyo hema, mkeka, gari, mtoto aliyelala: chini yake hapana. Mkitaka kivuli njooni na mwavuli.

Kuhusu kusimama majini, hapa ndipo watu wengi wanapokosea, hata wa hukuhuku. Mti huu unapenda mafuriko, haupendi bwawa. Maji yakiupanda na kukaa miezi unavumilia, unatoa vimizizi vipya kwenye shina karibu na maji ili upate hewa. Yakikauka, mzizi wake mrefu unashuka kutafuta maji ya chini ya ardhi. Lakini ukiyafungia maji yasiondoke kamwe, unakufa. Mkipata likizo nendeni Ziwa Mulwala. Mwaka 1939 walijenga kizuizi Yarrawonga, maji yakafunika msitu yakabaki. Ile miti ilikufa ikiwa imesimama na mpaka leo iko vilevile ndani ya ziwa, mikavu, myeupe kama mifupa, watu wanapitisha boti katikati yake. Mbao yake hata ikifa haiozi upesi.

Na ukiunyima mafuriko unakufa pia, taratibu zaidi. Bwawa la Hume lilikamilika 1936, mto ukafungwa ili maji yaje kwenye mashamba, yakiwemo haya ya zabibu yanayotulisha mimi na wewe. Mafuriko yakapungua. Ulipokuja ukame mrefu ulioisha 2010, wazee wa hapa wanasema walikuwa wakipita ukingoni wanaona vilele vya kijivu tu. Siku hizi huko Hattah kuna pampu kubwa za kusukuma maji kuyaingiza kwenye maziwa kwa makusudi ya kunywesha miti. Nilipomweleza mama yangu kwa simu kwamba serikali inanywesha mikaratusi kwa pampu alikata simu, akidhani namfanyia mzaha.

Mafuriko nimeyaona kwa macho yangu mwaka 2022. Hapa mto ulifika kilele Desemba, maji yakaingia mpaka mahali ambapo sisi huegesha gari la kitalu. Yalipoondoka, pale yalipoishia, miche ikaota mstari mmoja mrefu, vishina vyekundu, imesongamana kama mchicha uliomwagwa na mtoto. Sababu yake ni hii: mbegu za mti huu hazikai ardhini zikisubiri. Zinakaa juu, kwenye vikombe vidogo vya mbao vinavyotosha kwenye kucha ya kidole gumba. Zikidondoka siku ya kawaida sisimizi wanazibeba zote. Zikidondoka kwenye tope linalokauka, sisimizi wamezama au wamehama, zinaota. Mche wa namna hiyo unakimbiza mzizi chini kwanza, majani baadaye, kwa sababu unajua kiangazi kinakuja.

Sisi kitaluni tunafanya kazi ya tope. Tunakata vitawi vyenye vikombe vilivyokomaa, vya kahawia, kabla havijafunguka, tunavitandaza kwenye turubai penye joto na hewa. Siku chache tu, kila kikombe kinafungua vijimlango vyake, kwa kawaida vinne, na mbegu zinamwagika. Ndogo, za njano, kama ugoro. Ukipiga chafya umepoteza kazi ya asubuhi nzima. Nimeshapiga.

Maua yanatoka kwa vishada, saba mpaka kumi na moja kwa kishada. Hayana petali. Kila tumba lina kofia, ua likiwa tayari kofia inaanguka na nyuzi nyeupe zinafunguka kama brashi ya kunyolea ndevu. Neno Eucalyptus lenyewe ni la Kigiriki, maana yake ni "iliyofunikwa vizuri". Hilo camaldulensis ndilo kichekesho: mwaka 1832 mtunza bustani Mjerumani aitwaye Dehnhardt aliueleza mti huu kitaalamu kutokana na mmoja uliopandwa kwenye bustani ya Camaldoli, karibu na Napoli. Kwa hiyo mti ulioenea kwenye mito ya karibu bara zima la Australia unabeba jina la mahali Italia. Wenyeji wa asili wa hapa, Latji Latji na Barkindji, walikuwa na majina yao maelfu ya miaka kabla ya Dehnhardt. Ukiona mti mzee wenye kovu refu kama mtumbwi kwenye shina, ni mtumbwi kweli: walibandua gome kipande kimoja la kutengenezea mtumbwi, wakalitia majini, na mti ukaendelea kuishi. Usikae juu ya kovu hilo kupiga picha, tafadhali.

Mkono umechoka. Ya kuni na nyungu nitarudi baada ya kupika.

BwanaMisitu_Tabora aliandika:

Shikamoo MamaKitalu. Nimesoma kwa heshima, ila hapo kwenye "uleule uliokua nao" naomba kukusahihisha kidogo.

Kasulu kuna baridi na mvua nzuri. Mikaratusi mingi minyoofu ya sehemu kama hizo ni spishi nyingine: grandis, saligna au maidenii, na siku hizi kuna miche ya kloni, mchanganyiko wa grandis na camaldulensis. Camaldulensis wenyewe tunaupanda zaidi kwenye ukame: huku Tabora kwa ajili ya kuni za kukaushia tumbaku, Shinyanga, Dodoma. Na hata huo si sawasawa na wa kwenu Murray. Mbegu zilizosifika kwa nchi za joto asili yake ni Petford, kaskazini mwa Queensland. Spishi ni moja, aina ndogo ni nyingine. Utatofautisha kwa kofia ya tumba: ya Murray ina kidomo kama cha ndege, za kaskazini zina umbo jingine.

MvuviMgeni, kuhusu kukausha maji: hawakukudanganya. Mti unaokua haraka unakunywa sana, na sisi tunaupanda kwa wingi, karibu karibu, wote wa umri mmoja, halafu tunauvuna ukiwa kwenye umri wa kunywa kuliko wowote. Ukiupanda kwenye chemchemi unakunywa chemchemi. Sheria ya Mazingira ya 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji, lakini mtu na mbao zake, wewe unawajua watu. Kwenye mto wenye mafuriko kama huo wa kwenu mti uko kwao. Kwetu tumeuleta tukauweka juu ya kisima.

Nina mizinga michache. Asali yake huko ikoje?

MvuviMgeni aliandika:

Shikamoo mama, shikamoo bwana misitu. Nimemsomea shemeji yote, amekaa kimya, halafu akasema hataki tena kuvua, anataka kununua samaki dukani.

Leo nimepita pale. Kweli, pale palipong'oka pamekuwa pekundu, na katikati ya tawi kuna tundu naingiza ngumi. Kwa nje usingejua. Ila mama, jana kwenye majani ya lile tawi nimeona vitu vyeupe vidogo kama sukari imeganda. Ni ugonjwa? Na kuna gogo la zamani limezama ukingoni, ndoano zangu tatu zimenasa humo. Nikitoka na kamba na jamaa watatu nikalivuta nje kuna shida?

MamaKitalu aliandika:

Marahaba, wote wawili.

Bwana Misitu, nimekubali. Nilijibu kwa moyo kabla ya kuuliza Kasulu pana mvua kiasi gani. Spishi umenishinda. La umri sikuachii: hata huo wa Petford hapo Tabora, nani amewahi kuuacha ukafika miaka hamsini? Asali ni nzuri, rangi ya dhahabu, huganda mapema. Wafuga nyuki hapa wanaleta mizinga kwa malori maua yakitoka.

Mvuvi, gogo liache! Weka ndoano zako kwenye hesabu ya hasara. Samaki mkubwa wa mto huu, yule chewa wa Murray, anaishi kwenye magogo ya mti huu yaliyozama na anataga mayai ndani ya magogo yenye tundu. Zamani waliyang'oa kwa maelfu ili meli zipite, samaki wakapungua, na sasa wanalipwa watu wa kuyarudisha mtoni kwa kreni. Ukilivuta wewe, utakuta siku nyingine mtu na kreni analirudisha. Kwanza tupia ndoano kando yake, si juu yake.

Hivyo vyeupe ni nyumba za wadudu wadogo wanaofyonza majani, wanajijengea paa kwa utamu unaobaki. Ramba kimoja, ni kitamu. Wenyeji wa asili walivila tangu zamani. Vikizidi sana mti unapukutisha majani, lakini unaota mengine.

Kuni: mlikuwa upande gani wa mto? Upande wa jimbo la Victoria kuna maeneo maalumu yaliyotengwa na misimu miwili ya kuokota kuni za nyumbani, Machi mosi hadi Juni 30 na Septemba mosi hadi Novemba 30. Kwa hiyo sasa hivi, na joto hili, jibu ni hapana. Ndani ya hifadhi ya taifa ni hapana mwaka mzima. Na hata msimu ukifunguliwa, gogo lenye tundu haliguswi. Lako lina tundu la ngumi, umelisema mwenyewe hadharani. Ng'ambo ni jimbo la New South Wales, wana taratibu zao. Na ujue mto wenyewe ni wa New South Wales, mpaka uko juu ya ukingo wa kusini, kwa hiyo leseni ya kuvua ni ya kule hata ukiwa umesimama Victoria. Wageni wengi wamepigwa faini kwa hilo. Tena siku ya digrii 41 usiwashe chochote nje kabla ya kuangalia kama wametangaza marufuku ya moto.

Nyungu nilijaribu mwaka wa pili. Harufu ipo, lakini hafifu ukilinganisha na nilivyozoea, nikatoka jasho bure. Mwambie shemeji atumie tangawizi na ndimu, na akizidiwa aende kwa daktari.

Jumamosi alfajiri tunakusanya mbegu karibu na kizuizi cha mto namba 11, hapa Mildura. Kama mnataka kuuona mti huu kwa karibu njooni wote, hata huyo wa samaki wa dukani. Leteni kofia na maji. Gari liacheni juani.